Mtani Mwenye Kamera

Mpiga picha huyu, Mmakua wa Masasi, hupiga picha za mahali walipouawa watu ambao wauaji wao hawajajulikana, lakini hufika kwa wafiwa akichekacheka kama kaalikwa unyagoni. Hufuta lenzi kwa pindo la shati, huipulizia, hufuta tena, na kila akifuta humkejeli mtu. Ndiyo haki ya mtani, hata msibani hazuiwi. Mama Oliva, Mmakonde wa Kitangari, alimpenda kwa hilo. Tangu mumewe auawe kwenye njia ya mikorosho, watu humtaja marehemu kwa kunong'ona, na mwenyewe alishaanza kuogopa: akifumba macho anaiona maiti tu, mume hamwoni.

Walipofika kwenye njia ile, Mama Oliva akagoma kusogea. Mpiga picha hakumbembeleza. "Yule Mmakonde wenu alitembea hivi," akasema, naye hakuwahi kumwona marehemu hata siku moja, akaanza kuyumba kama bata aliyelewa uraka, pombe ya mabibo. "Mwongo we, Mmakua," Mama Oliva akamkatiza, "hata kuiga hujui. Mume wangu alitanguliza mabega, mguu wa kushoto anautupa pembeni, utadhani anafukuza kuku wa jirani." Akakaza kanga kiunoni, akautembea mwendo ule mwenyewe, akapita pale pale alipoangukia mumewe, anacheka mpaka machozi. Mpiga picha akainua kamera, kidole kikafanya kazi. Muuaji hajapatikana hadi leo. Ila Oliva, mtoto wao, alipoonyeshwa picha, akauliza, "Mama, mbona baba kavaa kanga yako?"