Nilimnyang'anya Jirani Maji kwa Mpira wa Barafuni

Jina langu sitalitaja, na nakuomba usilitafute. Kosa ndilo nitakalolitoa lote, maana limenikaa kooni tangu kiangazi na sijapata wa kumwambia. Nilimwibia rafiki yangu. Nilimwibia huku nimemshika bega, tunacheka, na chai ninayokunywa kainunua yeye.

Mimi ni mkulima wa mboga huku milimani, Lushoto, na pembeni nina banda la kuonyesha mpira. Ni mabati na mabenchi na televisheni moja kubwa. Ligi za Ulaya zikiwa zinachezwa, watu wanajaa mpaka dirishani. Zikiisha, mwezi wa sita, nabaki mimi na kuku. Na mwezi wa sita huku kwetu ni ukungu na baridi, mtu anavaa makoti mawili kwenda kukamua ng'ombe. Nani atatoka nyumbani kwake bure?

Katika kuhangaika na simu nikitafuta cha kuwaonyesha, nikakutana na fainali ya mpira wa barafuni huko Marekani. Watu wamevaa viatu vyenye visu chini, wanateleza juu ya barafu, wanagombania kidude cheusi kwa magongo. Wakikasirika wanavua glovu wanapigana, refa anawaangalia mpaka wachoke. Nikasema hiki ndicho. Siku ya kwanza walikuja watu wachache kucheka. Siku ya pili mabenchi hayakutosha. Wazee ambao hawajawahi kukanyaga bandani kwangu walikuja kuangalia ngumi.

Sasa sikia nilivyokuwa nafanya. Mechi zile zinachezwa sisi tumelala, zinaisha alfajiri. Mimi nilikuwa naamka, naipakua, naiangalia yote kwenye simu nikiwa jikoni kwangu naota moto, halafu naiweka kwenye flashi. Saa kumi jioni watu wakitoka shamba wanakuta ubao wangu nje umeandikwa kwa chaki: LEO MUBASHARA. Nazima sauti ya Kiingereza, natangaza mwenyewe, Kiswahili na Kisambaa humo humo. Nilikuwa najua kutangaza, hilo watakuambia.

Mwalimu mmoja aliniuliza, "Hawa wenzetu wanacheza asubuhi yote hii? Kule si ndiyo kwanza kumekucha?"

Nikamjibu bila kupepesa macho, "Barafu hiyo, mwalimu. Wakingoja jua likolee itayeyuka."

Watu wakatikisa vichwa, wakaona kweli. Na mwalimu naye akakubali. Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kuwaambia chochote.

Mpaka hapo ulikuwa uongo wa biashara tu, wa kumfanya mtu akae ukingoni mwa kiti. Ningeishia hapo nisingekuwa naandika. Aliyenifanya nivuke ni jirani yangu. Nitamwita Hoza, siyo jina lake. Tumekua pamoja, tumeingia jandoni mwaka mmoja, shamba lake na langu yanagusana. Yeye alikuwa na kabichi na nyanya, na mavuno yale yalikuwa na kazi moja: binti yake Zuhura alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, Tanga. Kila mtu mtaani alilijua hilo, Hoza alimwambia hata aliyepita njia.

Fainali ile inachezwa mechi saba, anayetangulia kushinda nne ndiye bingwa. Walikuwa wekundu, ambao ni mabingwa watetezi, na wabuluu, ambao hawajawahi. Hoza aliwapenda wabuluu toka siku ya kwanza. Nilimuuliza sababu, akasema, "Wekundu si walishakula mwaka jana? Wawaachie na wenzao." Ndivyo alivyo. Hata harusini hachukui nyama mpaka aone watu wote wamepata.

Mimi kiangazi kile nilikuwa nimejitanua. Nililima karoti na hoho kuliko maji yangu. Huku tunamwagilia kwa ndiva, bwawa tunalokusanyia maji ya mfereji, na kila mtu ana zamu yake kwa wiki. Zamu ni mali yako. Ukitaka kumpa mwenzako, mwenyekiti wa maji hana neno.

Basi siku hiyo, kabla mechi haijaanza, Hoza alikuwa anawasifu wabuluu wake, watu wanamtania. Nikamwambia, "Kama una uhakika hivyo, weka kitu."

"Pesa siweki. Kamari haramu, unajua."

"Nani kasema pesa? Weka zamu ya maji. Ukishinda unachukua yangu. Huo ni utani wa majirani."

Unaona lilivyotoka laini? Hata dini yake nilimfunikia vizuri, nikampa njia ya kupita. Na mimi asubuhi ile nilishawaona wekundu wakishangilia ushindi. Nilishawaona! Hoza akacheka, akanipa mkono.

Wakafunga wekundu. Niliruka kwenye benchi. Hicho ndicho kinachonitia kinyaa zaidi nikikumbuka, kule kuruka. Nilijishika kichwa wakati wabuluu walipofunga, nikafumba macho, nikasema "Ah, ah, ah," kama moyo unanitoka. Kumbe nilikuwa nahesabu moyoni, bado kidogo wekundu wanarudisha. Nilifanya usanii ule mbele ya mtu niliyekula naye sahani moja utotoni.

Mechi iliyofuata wabuluu walishinda. Asubuhi nilipoona hivyo, jioni nikasema leo tusiweke kitu, leo tuburudike tu. Wabuluu wake waliposhinda Hoza akasikitika kweli, akasema angejua angeweka. Baada ya hapo wekundu wakashinda tena, nikachukua zamu nyingine. Kabichi zake zikaanza kulegea majani mchana. Nilikuwa naziona. Nasimama kwenye karoti zangu, miguu imelowa, naziona kabichi za jirani zimelala, na naendelea kufungulia maji.

Mke wangu, mama Salimu, ndiye anayeniona nikiangalia simu jikoni asubuhi. Aliniuliza siku moja, "Mpira wenyewe si ndio huo unaoonyesha jioni?"

"Ndiyo."

"Na Hoza anajua?"

Nikamwambia asiingilie mambo ya wanaume. Alichukua sufuria yake akatoka. Siku kadhaa alikuwa ananiandalia chakula, yeye anakwenda kula jikoni na watoto.

Sasa nikawa na wasiwasi. Hoza alipunguza maneno, siku moja hakuja bandani. Nikaona atajitoa. Bahati ikaja mechi ambayo wabuluu walishinda tena, na safari hii sikuikwepa. Niliweka zamu yangu makusudi. Nilimfuata nyumbani, nikamwambia njoo leo, nasikia harufu ya ushindi wako. Akaja. Wabuluu walikuwa nyuma mpaka dakika za mwisho, wakasawazisha, wakashinda kwenye muda wa nyongeza. Hoza alilia! Mtu mzima, ana wajukuu wawili, alitoka mbio nje kwenye ukungu anapiga kelele, watu wakamnyanyua mabegani. Aliponirudia alinikumbatia akasema, "Leo nimekuweza." Nikajifanya nimenuna. Nilimpa zamu yangu moja, na usiku ule nililala vizuri kabisa, mtu wa hovyo mimi, kwa sababu nilijua nimemfunga kamba.

Kumbe hata mkewe alimpikia kuku. Hoza alikuwa akikutana na mtu njiani anaanza kusimulia, kipa alivyodaka, lile goli la mwisho, na jinsi alivyojua tu kwamba leo watashinda. "Moyo uliniambia," alikuwa anasema hivyo.

Ikafika mechi ya mwisho, wekundu walihitaji kushinda mara moja tu wabaki na kikombe. Asubuhi niliiangalia yote. Niliwaona wakikiinua, wanakizungusha barafuni, mmoja anambusu mtoto wake. Mabingwa watetezi wametetea. Nikazima simu nikaenda kwa Hoza, nikamkuta anapalilia. Sikumwambia aweke nini. Nilisema tu, "Leo ya mwisho, bwana. Mwanaume anajulikana leo." Akanyanyuka, akafuta jembe, akasema anaweka zamu zake zote mpaka mvua za vuli.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilisema, "Sawa."

Sitaieleza mechi. Nilitangaza mpaka sauti ikakauka. Mwisho Hoza alikaa kwenye benchi watu wote wakiondoka, akanyanyuka, akanipa mkono. "Umenishinda kwa haki," akasema. Nikaupokea ule mkono.

Karoti zangu zilitoka nene, watu wakazisifu gulioni. Nyanya za Hoza zilikauka zikiwa kijani. Kabichi alizing'oa akawapa ng'ombe. Chuo kilifunguliwa, Zuhura hakwenda. Hoza akashuka Magoma kufanya kibarua kwenye mashamba ya watu, huko kwenye joto ambalo sisi wa juu hatuliwezi. Hakumlalamikia mtu. Nilisikia mkewe akimwambia mwenzake kisimani kwamba ni shetani wa utani tu, baba Zuhura mwenyewe ndiye aliyekubali.

Zuhura sasa anauza mboga barabarani. Kila asubuhi nikipita ananiambia, "Shikamoo, baba." Na mimi namwitikia marahaba. Jaribu kufikiria hiyo marahaba inavyotoka. Karoti sili tena, zikiiva jikoni nasikia harufu natoka nje.

Mama Salimu ndiye aliyeniambia, siku moja bila hasira, "Nenda ukamwambie. Usipokwenda nitakwenda mimi." Nikashuka Magoma.

Nilimkuta kwenye kivuli cha stoo ya mahindi, amekonda, amejifunga kitambaa kichwani. Aliponiona alifurahi. Alinyanyuka, akanipa nafasi kwenye gunia alilokuwa amekalia. "Onga mshi, ndugu yangu. Nyumbani wazima?" Nikaona nikichelewa kidogo sitasema tena. Nikamwambia palepale, nimesimama. Kwamba haikuwa mubashara. Kwamba asubuhi nilikuwa nimeshaona. Kwamba nilijua.

Nikaendelea kwa woga, nikamwambia zamu zake nimeshazirudisha kwa mwenyekiti wa maji, karoti zilizobaki nitaziuza zote, na Zuhura ataenda chuo mwakani kwa mkono wangu. Akasema, "Hilo kamwambie mama yake. Ndiye aliye nyumbani."

Nilitegemea anitukane. Nilitaka anipige, niseme kweli. Nilikuwa nimeshajiandaa na kofi. Alikaa anavunja vunja gunzi mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Na ile niliyoshinda?"

Sikumwelewa upesi. "Ipi?"

"Ile ya muda wa nyongeza. Walivyonibeba."

Ningeweza kumdanganya. Mungu anisamehe, mdomo ulishafunguka kusema hapana, ile sikuijua, ile ulishinda mwenyewe. Lakini nilikuwa nimekwenda kule kuacha uongo. Nikamwambia, "Nayo nilijua. Nilikupa makusudi, ili usijitoe."

Maji yalimpita. Shamba lilimpita. Chuo cha mtoto kilimpita, na yote hayo aliyapokea mbele yangu bila kubadilika. Hilo lilimbadilisha. Aliinamisha kichwa, akakivua kitambaa, akajifuta uso mzima nacho, polepole. Halafu akasimama akasema kuna magunia yanamngoja, na mimi niwahi gari, la mwisho linaondoka mapema. Tangu siku hiyo hajapanda mlimani, hata sikukuu ilipofika alituma mtu.

Ndugu yangu unayesoma, pengine na wewe kuna mtu unamzunguka sasa hivi, mke, mteja, mdogo wako. Acha leo. Na kama umeshindwa kuacha, basi angalau usimpe kiushindi cha kumtuliza. Usimpe siku moja ya kufurahi ili ukae naye vizuri. Vile ulivyomwibia mtaongea, mtafidiana, mtu anaweza kusamehe. Ile furaha uliyompa ya uongo hutakuwa na cha kumrudishia, na ataikumbuka kila akisikia watu wanacheka.