Gesi Mpya ya Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa na umri sawa na wangu. Alilinunua kwa daktari Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao, na kwa miaka mingi lilikuwa gari pekee katika barabara yetu ya Makomeno lenye kiyoyozi. Baba alikuwa mwalimu wa kemia, mtu asiyejua kujionyesha. Lakini Jumapili tukitoka kanisani alipenda kufunga vioo vyote na kukiwasha hata kama hakuna joto, ili mama alalamike kwamba anagandishwa kama samaki.

Kiyoyozi kilikufa mwaka ambao shule zilifungwa, na hakuna aliyekijali. Askari walikuwa wamevunja maduka ya mjini. Watu walikuwa wakiimba barabarani kwamba Wakasai warudi kwao. Baba alizaliwa Lubumbashi, na baba yake vilevile. Babu yake ndiye aliyetoka Kasai, jimbo la mbali, akaletwa Katanga kwetu kujenga reli. Baba mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko, lakini kwenye kitambulisho chake, mahali pa kuandika asili, paliandikwa Kasai. Basi.

Mama alikuwa mtu wa Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Kaka yake, mjomba wangu, alituma ujumbe kupitia dereva wa lori la samaki: mje wote, huku hakuna atakayemuuliza shemeji kitu. Baba alikataa mara mbili. Siku walipochoma nyumba ya jirani yetu, mwalimu mwenzake, alikubali.

Tatizo lilikuwa mama. Alikuwa na pumu, na ulikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati udongo mwekundu wa njia ile unakuwa unga. Tukifungua vioo, vumbi lingemwua. Tukivifunga katika joto lile, angekosa hewa ndani ya gari. Pompa yake ya pumu, ile ya kuvuta dawa kinywani, ilikuwa inakaribia kwisha, na katika maduka yote ya dawa tulijibiwa neno moja: haiko. Baba alifikiri usiku na mchana, kisha akasema kwamba kabla ya kuondoka lazima kiyoyozi kifufuke.

Fundi wetu alikuwa na gereji ndogo nyuma ya nyumba yake, mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwa Mkatanga mtupu, na alikuwa amelishika gari lile tangu nikiwa mtoto. Nilifuatana na baba. Fundi alifungua boneti, akagusa mabomba, akasikiliza, akasimama wima.

"Prof, gaz ya zamani haiko tena. Hata Zambia, kule Ndola, haiko. Wazungu bameacha kuitengeneza, banasema inaharibu mbingu."

"Na ile ya mupya?"

"Ya mupya iko. Lakini hii gari haiijue. Mafuta ya kompresa haiwezi kuchangana na ile gaz. Tutaosha bomba zote, tubadilishe mafuta, tubadilishe mipira yote ya kwenye viungo. Na hata vile, ile gaz iko ndogo sana, inapita pale ingine haipite. Inaweza kukaa mwezi. Inaweza kukaa siku moja."

"Mi naomba siku mbili tu," baba akasema. "Za kufika Kilwa."

Fundi aliangalia lango la ua wake. Alijua, kama sisi tulivyojua, nini kingempata aliyeonekana akimsaidia Mkasai. Akaenda kulifunga kwa mnyororo.

Gesi ililetwa na mama mmoja wa Butembo, mfanyabiashara wa jumla ambaye baba alikuwa amemfundisha mwanawe. Alikuwa akivuka mpaka kila juma kwenda Zambia. Alirudi na makopo matatu ameyafunga katikati ya majora ya vitenge. Mafuta mapya ya kompresa yalikuwemo pia, katika chupa ya dawa ya kikohozi. "Kule banasema haya tu ndiyo yaliyobaki," alimwambia baba. "Musimwage."

Kazi ilianza asubuhi. Fundi aliosha mabomba, akakata mipira mipya kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya mpira aliyokuwa ameificha kwa kazi nyingine, akamwaga mafuta ya zamani yaliyokuwa meusi kama chai iliyochemka mno. Baba alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu anayesimamia mtihani. Kisha fundi akaleta pampu aliyojitengenezea kutokana na kompresa ya friji bovu. Ilibidi inyonye hewa yote na unyevu wote kutoka ndani ya mabomba kabla ya gesi kuingia. Akaingiza gesi yote ya kopo la kwanza ili kupima kama panavuja, akapaka povu la sabuni kwenye viungo. Hapakuvuja. Akaitoa, akaanza kunyonya tena.

Mimi nilipewa kazi moja. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na pampu, mkono juu ya koki. "Courant ikikatika," fundi aliniambia, "unafunga hapo hapo. Unafungia kuume. Umesikia?"

Nilisikia. Pampu ilinguruma kwa saa nzima. Mchana ule umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, fundi akapiga kelele, "Funga!" nami nikazungusha koki kwa nguvu zangu zote upande wa kushoto.

Tulisikia hewa ikirudi ndani. Ni sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Fundi aliinua mikono kichwani, akaishusha, hakunitukana.

"Haina neno," baba akasema. "Tutaanza tena kesho."

Umeme haukurudi hadi jioni. Siku hiyo ndiyo tuliyokuwa tumepanga kuifanya ya mwisho, tuondoke alfajiri. Kama koki ingefungwa, gesi ingeingia hata bila umeme; tulichelewa kwa siku moja, na ilikuwa kwa sababu ya mkono wangu. Hilo nimelibeba miaka yote, na sijapata mtu wa kumwachia.

Kesho yake fundi mwenyewe alishika koki. Saa nne makopo mawili yaliyobaki yaliingia, moja baada ya jingine, kopo likiganda barafu mikononi mwake. Aliniambia niwashe injini. Kompresa ikashika kwa mlio mfupi, na baada ya muda hewa iliyotoka mbele yangu ikaanza kupoa, ikawa baridi kabisa, baridi yenye harufu ya vumbi la zamani na ya Jumapili zetu.

Tulimleta mama kutoka nyumbani. Alikaa kiti cha nyuma, tukafunga milango. Kifua chake, kilichokuwa kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia, kilianza kutulia. Fundi aliinama kwenye kioo.

"Mama, uko napumua muzuri?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa analia. Fundi alijifuta mikono, akageuka, akajifanya anatafuta ufunguo sakafuni.

Tuliondoka alfajiri iliyofuata, baba kwenye usukani, mimi kando yake, mama nyuma na mto na dumu la maji. Mji ulikuwa umelala. Nilianza kuamini kwamba tumefaulu. Jua lilipokuwa limepanda, kwenye njia ya Kasenga, tukakuta gogo limelazwa barabarani, na vijana kama kumi na watano, na askari wawili wamekaa kwenye kivuli.

Kijana mmoja aligonga kioo cha baba. Baba alifungua mlango, akatoka haraka, akaufunga nyuma yake ili vumbi lisiingie. Alitoa kitambulisho. Nilishusha kioo changu upana wa kidole ili nisikie.

"Mukasai. Unaenda wapi?"

"Kilwa. Kwa bashemeji yangu. Bibi yangu iko mugonjwa."

"Kilwa haiko kwenu. Kwenu kunaendewa na train. Rudia gare."

"Mutoto wangu, miye nimezaliwa hapa."

"Hii barrière tumeiweka jana magaribi," kijana akasema, bila hasira, kama mtu wa ofisini anayeeleza utaratibu. "Bale balipita jana asubui, bamepita. Leo hapana."

Jana. Asubuhi yake tungekuwa tumepita.

Kijana akaja upande wetu, akauliza sisi ni akina nani. Mama alijiinua kwenye mto. Alisema kwa sauti iliyonyooka kuliko nilivyoisikia kwa miezi: "Miye ni muntu wa Kilwa. Na huyu ni mutoto wangu. Kwetu mutoto ni wa mama." Kisha akaongea Kibemba, maneno mengi, na mmoja wa askari akacheka, akamjibu kwa Kibemba, akaashiria gogo liondolewe.

"Mama na mutoto bapite. Muzee anarudi."

Nilifungua mlango nitoke. Baba aliniwahi. Alinisukuma nirudi ndani, akanielekeza kwenye usukani. Alikuwa amenifundisha kuendesha katika uwanja wa shule, siku za likizo. Nilipokaa, akanionyesha kwa kidole kioo nilichokuwa nimekishusha. Nilikifunga. Wakati ule ule lori lilipita upande wa pili, na vumbi likamfunika yeye, wale vijana, kila kitu.

Lilipotulia, baba alikuwa bado amesimama karibu na mlango wangu. Alikuwa anaongea. Niliona midomo yake. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, ndani kulikuwa na baridi nzuri, na sikusikia hata neno moja. Niligusa mpini wa kioo, naye akatikisa kichwa kwa nguvu, akaelekeza macho nyuma, kwa mama. Usifungue. Akaendelea kuongea, sentensi ndefu ndefu, kama anayetoa somo. Kisha kijana akamshika mkono, naye baba akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja, nikaondoa gari.

Tulifika Kilwa siku ya pili, mchana. Mama alikuwa hai na anapumua. Mjomba alilizunguka gari, akatazama viti vyote, akatazama tena. "Na shemeji?" aliuliza.

Kilichompata baba tulikipata vipande vipande, zaidi kutoka kwa fundi, aliyetuma barua kupitia dereva wa lori. Baba alikaa gare, kituo cha treni cha mjini, majuma sita, chini ya karatasi ya plastiki, pamoja na maelfu ya wengine waliosubiri treni. Fundi alimpelekea bukari, ugali wa kwetu, kila alipoweza, akijifanya anakwenda kununua vyuma vya zamani. Treni ilipokuja, alimwona akipanda juu ya behewa la mizigo. Baba hakumpa ujumbe wowote. Alisema tu kwamba yote alikwisha kutuambia.

Barua ya pili ilikuja mvua zikiwa zimekwisha. Ilitoka kwa padri mmoja wa Mwene-Ditu, huko Kasai, watu watatu wakiwa wameipokezana hadi ziwani. Ilisema kwamba baba alifika na homa, akafundisha watoto wa kambi ya waliofukuzwa kwa muda mfupi, akazikwa huko.

Nilimsomea mama ufukweni, wanawake wakianika samaki pembeni yetu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Siku ile, alikuwa anasema nini?"

Nilimwambia sijui. Alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akasimama pale mpaka mjomba alipokwenda kumshika mkono.