Kivuli cha Adhuhuri Busunzu

Mwamvua alijua kusoma kivuli kabla hajajua kusoma barua. Alifundishwa na mumewe, Athuman, muuza chumvi, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, walipokuwa wakitoka Kasulu kwa baiskeli kwenda minada ya Kibondo. Jua likipanda, Athuman alisimama, akaweka juu ya gunia kisanduku cha shaba alichorithi kwa babu yake, mzee Khatibu, aliyepita njia zile zile kwa miguu. Ndani mlikuwa na dira ndogo, alama za saa, na ubapa mwembamba wa kusimamisha. Sindano ya dira ikitulia, kisanduku huzungushwa mpaka ubapa uelekee kaskazini. Asubuhi kivuli hulala magharibi. Jua likifika utosini, hujificha chini ya ubapa, hakionekani upande wowote. Kikichungulia mashariki, adhuhuri imeingia. Athuman alipokuwa akitawadha, kazi ya Mwamvua ilikuwa kukitolea macho.

Saa nyingine zote kisanduku kilidanganya, maana kilitengenezewa nchi za mbali za kaskazini. Adhuhuri tu ndipo kiliposema kweli. Si haba, wapo watu wasio na hata ukweli huo mmoja kwa siku.

Baadaye walihamia Busunzu, wakafungua duka, wakazeeka bila kujaliwa mtoto. Athuman alipozidiwa na ugonjwa alimwomba mkewe jambo moja tu.

“Maisha yangu yote jua likiwa utosini nilisimama. Msinizike saa hiyo.”

Kuzika wakati huo ni makuruhu, jambo lisilopendeza katika dini, na Mwamvua aliahidi.

Athuman alifariki mwezi wa kumi, mvua zikianza. Salumu, mdogo wake, alikuwa amefika kutoka Tanga kumuuguza. Alikuwa mtu mpole, mjuzi wa dini, na kwa kuwa Waislamu wa pale ni wa kuhesabika, yeye ndiye aliyesimamia mazishi. Maiti ilipokwisha kukafiniwa alitazama simu yake. Ratiba ya msikiti wa kwao ilionyesha adhuhuri imeingia. Melkiadi, jirani aliyeongoza uchimbaji wa kaburi, akamwonyesha wingu zito upande wa Burundi, akasema mvua ikiwahi, kaburi litajaa maji. Salumu akaamuru jeneza liinuliwe.

Lakini jua hupita Tanga kwanza, ndipo lije huku. Hapa Busunzu jua lilikuwa bado halijafika utosini. Ni kosa la mtu wa pwani, wala hakulikusudia.

Mwamvua akatoka ndani walikokaa wanawake, akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo mjane halifanyi. Akaweka kisanduku kwenye kizingiti cha duka.

“Shemeji, jua la hapa bado. Nilimwahidi.”

Salumu alitazama kile chombo cha ukoo wake, akatazama wingu. Kisha akawaambia watu watue jeneza.

“Basi utatuambia wewe,” akasema.

Mwamvua akachuchumaa. Kivuli kikasinyaa, kikaingia chini ya ubapa, ndipo akakumbuka jambo moja alilokuwa amelisahau. Wanawake hawaendi makaburini. Mwisho wake na Athuman ulikuwa pale pale kizingitini, na kivuli kikitoka, Athuman naye anatoka.

Kikachungulia mashariki, chembamba. Mwamvua akakiona, akanyamaza. Kikanenepa. Melkiadi alikuwa akitazama mbingu kwa wasiwasi, lakini hakuna aliyemharakisha.

“Bado?” Salumu akauliza kwa upole.

“Bado,” akajibu Mwamvua.

Katika miaka yote ya kukitazama kisanduku kile, huo ndio uongo wa kwanza aliowahi kusema juu yake, nami simlaumu. Akaendelea kuchuchumaa, mkono mmoja ameuweka juu ya jeneza, mpaka wingu likafunika jua na kivuli chote kikapotea.

“Mchukueni,” akasema.