Sala Ndefu ya Mwalimu Kirimi

Ndugu na marafiki, nimeusoma ujumbe ule mara nne na bado nauona kama umetumwa kwa mtu mwingine. Mwalimu Kirimi wa Meru, niliyesoma naye chuo cha ualimu, hatunaye tena. Mniwie radhi kwa urefu wa maneno haya. Naandika kwa kidole kimoja.

Sitaeleza maisha yake yote. Nitaeleza siku moja tu ya Agosti, siku iliyofanya nirudishiwe watoto wangu.

Ilikuwa mwaka uliofuata kifo cha mke wangu. Mama mkwe alikuwa amewachukua watoto wetu wawili, akakaa nao kwake Kiritiri. Alisema mwanamume peke yake hawezi kuendesha nyumba, na kwa heshima zote, sikuwa na ushahidi wa kumpinga.

Kirimi alipopata habari hizo aliniandikia barua ya mistari miwili. "Nakuja likizo hii na watoto, na Njiru analeta wa kwake. Utatupikia wewe mwenyewe."

Njiru ni mwenzetu wa chuo, wakati huo akiishi mtaa wa Dallas, pale Embu mjini. Wake zao walikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa, kwa hiyo walikuja kina baba wawili na watoto saba. Wote walitetemeka. Baridi ya kwetu Kianjokoma mwezi ule haina adabu. Ukungu huingia sebuleni bila kubisha hodi.

Lazima nikiri kwamba nilikuwa sijawahi kupika. Marehemu mke wangu aliinjika githeri asubuhi nikiwa darasani, nami nikarudi na kuikuta mezani. Katika ujinga wangu niliamini kwamba ni chakula cha haraka.

Basi nilifanya kama nilivyofunzwa. Niliandika lesson plan. Lengo: kufikia mwisho wa somo, watu kumi, mimi nikiwemo, wawe wameshiba. Vifaa: mahindi makavu, maharagwe, maji, chumvi. Muda: double lesson, dakika themanini.

Dakika themanini zilipokwisha, Kirimi alifuata moshi hadi jikoni, tai yake ikiwa shingoni. Alichota punje moja akaiuma. Tuliisikia sote wawili.

"Nyaga, mahindi haya uliyaloweka?"

"Kuyaloweka kwa nini?"

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama daftari la mwanafunzi wa mwisho. "Bwana, hii si githeri. Hii ni kokoto."

Nilimwambia basi tukanunue mikate sokoni, nami nitamwandikia mama mkwe kwamba alisema kweli.

"Hutaandika chochote," akasema. "Ongeza kuni. Mimi nitaenda kuombea chakula. Kikilainika, gonga kifuniko cha sufuria, nitasema Amina."

Nikabaki nikipuliza moto, machozi yakinitoka kwa moshi, nikisikiliza kupitia ukutani. Aliombea taifa. Aliombea majani chai, kahawa, na ng'ombe wa kila jirani. Aliwaombea walimu wakuu wote, hata yule aliyetunyima uhamisho. Kisha akaingia Misri, akaanza kuyapitia mapigo kumi, moja baada ya jingine.

Kwenye nzige nilimsikia Njiru akinong'ona, "Mwalimu, wavushe bahari, watoto wana njaa."

Kirimi hakufungua macho. "Na umsamehe, Bwana, ndugu yetu Njiru, anayeharakisha wana wa Israeli."

Sala ile ilichukua kipindi kizima, dakika arobaini. Nilipogonga kifuniko, Waisraeli walikuwa bado jangwani, lakini Amina ilitoka papo hapo.

Siwezi kudai kwamba mahindi yaliiva. Yalikuwa yamechoka tu. Njiru alitafuna kijiko kimoja akauliza kama baada ya chakula kuna daktari wa meno. Kirimi alimaliza sahani, akanisogezea tena. "Mwalimu, ongeza." Watoto walipomwona, wakala.

Kesho yake alinipeleka Kiritiri kwa pikapu yake. Mama mkwe alimpokea mgeni, akamkalisha, akamhoji kama hakimu.

"Alipika nani?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Na mlishiba?"

"Mama, tulikuwa watu kumi, na chakula kikabaki."

Hakusema uongo. Kilibaki kingi sana. Mama mkwe akawaambia watoto wakakunje nguo zao.

Jana Kendi, binti yake Kirimi, alinipigia simu. Siku ile alikuwa na miaka saba. Sasa ni mama wa watoto watatu. Alilia kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kuna jambo tulikuficha. Tulikuwa na mayai ya kuchemsha na mikate miwili ndani ya pikapu. Mama alitufungia. Baba alituambia, atakayetaja yai atarudi Meru kwa miguu."

Nikamuuliza mayai yaliishia wapi.

"Tuliyala tukirudi nyumbani. Baba alikula manne."

Nilicheka hadi nikaketi. Miaka yote hii nilidhani alikuwa akisubiri chakula. Kumbe alikuwa akinisubiri mimi.

Leo Kendi na watoto wake, wakitoka Nairobi, watapitia kwangu, na Njiru atakuja. Tutakula, kisha tutakwenda Meru pamoja kukuzika, rafiki yangu. Mahindi niliyaloweka jana. Sufuria imekaa motoni tangu alfajiri, na punje inapondeka kwa vidole viwili.

Samahani nimechelewa. Nagonga kifuniko, Mwalimu. Sema Amina, ulale.