Ndama wa Kuragiza

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hilo pekee linanitosha kumwelewa mtu yeyote anayekisema. Nilizaliwa Tanga. Barua ya kupangiwa kazi Kigoma ilipofika nililia, na ndani ya treni nililia tena kutoka Dodoma mpaka karibu na Tabora, halafu nikachoka kulia nikanunua karanga. Sasa ni mwaka wa kumi na moja naishi Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, na mtu akinitajia uhamisho namtazama vibaya.

Ng'ombe nilimpata kwa mwalimu mwenzangu aliyestaafu na kurudi kwao. Alikuwa mtamba mwekundu wa maziwa, mwenye mimba, mpole mno. Aliniuzia kwa bei ya kirafiki, nami nikakubali kabla sijajiuliza nitamweka wapi. Ndivyo nilivyo: mdomo wangu hutangulia, akili hufuata kwa miguu. Nyumba ninayopanga ina uwanja wa kutosha kamba mbili za kuanikia nguo, na mwenye nyumba alikuwa bado hajanisamehe habari ya kuku wangu.

Nikaelekezwa kwa mama mmoja upande wa Ujiji, mjane aliyenizidi umri kidogo, ambaye alikuwa akilisha ng'ombe nyuma ya nyumba yake. Banda lake lilijengwa kwa mbao za mitumbwi iliyochakaa, na sakafu yake ya mawe ilikuwa safi kuliko ofisi yetu ya walimu. Ndani mlikuwa na ng'ombe wanne wanene.

"Shikamoo mama. Kumbe una mali hivi!" nikasema.

"Marahaba. Hakuna wangu hata mmoja, Mwalimu," akacheka. "Yule wa dereva wa lori, wale wawili wa muuza vitenge wa sokoni, na yule wa askari aliyehamia Kasulu."

Nilicheka naye, nikadhani ni maneno ya mzaha tu. Nikamuuliza nimlipe kiasi gani kwa mwezi ili amweke na wangu. Akapiga makofi polepole, kama Waha wanavyofanya wakisalimia au wakilipokea neno kwa heshima, akasema, "Wewe uniragize tu, Mwalimu. Mengine tutaelewana."

Mimi nilisikia "uniagize". Ile r niliihesabu kuwa ni lafudhi, nikamsahihisha kimoyomoyo kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu, nikaridhika. Kuagiza nakujua vizuri. Ni kumtuma mtu akufanyie hiki na kile, nawe ukatoa gharama. Basi nikaagiza. Niliagiza ng'ombe wangu apewe pumba asubuhi na mashudu jioni, nikaagiza asifungwe karibu na yule wa askari mwenye pembe. Kila mwisho wa mwezi nilitoa hela ya chakula bila kuombwa, nikajiona muungwana. Alipozaa, nikaagiza lita tatu za maziwa kila asubuhi kwenye kidumu changu, nikamwambia yanayobaki atumie yeye. Hapo nikajiona muungwana zaidi.

Sitaki kudanganya, nilikuwa na furaha. Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nilikuwa bandani kwa mama yule, viatu vya kazini mkononi na kandambili miguuni. Yeye alikuwa akikamua na kunisimulia habari za mtaa, mimi nikifukuza nzi kwa tawi. Upande wa ziwa walipita wanawake wenye mabeseni ya samaki wakirudi kutoka Katonga, na mara nyingine tulinunua migebuka miwili, mmoja wake na mmoja wangu. Kisha chai ya maziwa mazito. Nilifika darasani nikinuka banda, na wanafunzi walijua kwamba siku hiyo sitagomba.

Ndama wa kwanza alikuwa dume. Alipokua nilimuuza, nikanunua kiwanja kidogo. Wa pili akaja jike, mwenye doa jeupe kwenye paji. Huyo, mama alimpenda waziwazi. Alimtandikia majani makavu, akamtengea kona yake, akamsugua kwa gunia mpaka manyoya yakang'aa. Nami nilipomtazama niliona msingi wa nyumba yangu ukisimama.

Halafu mashudu yakapanda bei. Kwetu ng'ombe hula mashudu ya mise, yale makapi yanayobaki kokwa za mchikichi zikishakamuliwa mafuta. Zamani wenye mashine walikuwa wanakupa gunia wakikuona una mkokoteni. Sasa malori yanakuja kutoka mikoa ya mbali kuyanunua yote. Mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia, nayo yalipungua, kwa kuwa viwanja yalikoota vilijengwa nyumba. Mama akaniambia mara ya kwanza kwamba bei imepanda, nikaongeza. Akaniambia mara ya pili, nikaongeza huku nimekunja uso. Aliponiambia mara ya tatu, asubuhi moja ya mvua ambayo nilikuwa nimechelewa na nimelowa, nikapasuka.

"Kila nikija yamepanda! Hayo mashudu yana mabawa?"

"Nenda kanunue mwenyewe uone, Mwalimu."

"Sina haja. Tutamuuza huyu ndama, hela yake tununue chakula cha mwaka mzima, yaishe."

Akaiweka ndoo chini. "Ndama yupi?"

"Kwani kuna mwingine? Si huyu hapa."

"Oya," akasema, yaani hapana, kwa sauti ya chini kabisa. "Huyu ni wangu."

Niliyoyasema baada ya hapo sitayaandika yote. Neno "mwizi" sikulitamka, lakini nililizunguka pande zote. Mama aligeuka akaendelea kukamua, mgongo wake umekakamaa, na mimi nikaondoka bila maziwa. Nikapitia dukani Mwanga, nikanunua kamba ya katani, nene, ya kuwatoa ng'ombe wangu na ndama wake siku itakayofuata. Nilipofika shuleni niliwapa kidato cha pili insha juu ya dhuluma.

Mwalimu wa jiografia, Muha wa Buhigwe, akaniuliza watoto wamekosa nini. Nikamweleza yote, kwa uchungu, toka siku ya kwanza. Nilipofika pale pa "uniagize tu" akainua kidole.

"Alisema uniagize, au uniragize?"

"Si ni hilo hilo? Ni lafudhi yake."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kuragiza, akanieleza, ni neno la Kiha na ni jambo zima. Ni kumkabidhi mwenzako ng'ombe wako akufugie. Humlipi hata senti. Chakula anatafuta yeye, kwa sababu maziwa ni yake na mbolea ni yake. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, na wa pili ni wa aliyemlisha. Kuna vijiji vyenye mpango tofauti kidogo, lakini upande wanakotoka watu wa yule mama ni hivyo.

"Kwa hiyo yale maziwa ya miaka miwili?"

"Ulikuwa unamnywea, dada."

Nilikaa. Mwalimu mzima wa lugha, nimesahihisha neno ambalo halikuwa na kosa.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda, kamba ikiwa bado ndani ya mkoba. Sijui kwa nini sikuiacha nyumbani. Labda nilikuwa bado namtaka yule ndama. Ndiyo, nilikuwa namtaka. Nilishapiga hesabu ya tofali.

Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya kawaida, jambo lililonitia haya zaidi. Nikamwambia nilivyosikia mimi. Akasikiliza, akashika shavu.

"Kwa hiyo zile hela za kila mwezi zilikuwa za chakula?"

"Wewe ulidhani za nini?"

"Sadaka. Nikasema huyu Mwalimu ni mtu wa dini, anamhurumia mjane. Hata mashudu yalipopanda nilikwambia kwa kuwa ulishazoea kutoa." Akaisogeza ndoo. "Lakini ulipokuja na kidumu chako, nikasema basi watu wa Pwani hawana haya, ila wanapenda chai, tumsamehe."

"Nami nilisema huyu mama anapenda hela, ila ni mpweke, tumsamehe."

Tulitazamana. Miaka miwili kila mmoja wetu alikuwa akimsamehe mwenzake kwa siri na kujisifu kwa wema. Tulicheka mpaka ng'ombe wa askari akageuka kututazama.

Kicheko kiliisha, ndama bado alikuwa pale. Kwa desturi yake alikuwa wake. Kwa hela zangu za kila mwezi, alikuwa wangu. Ningekuwa na hoja mbele ya mtu yeyote, na yeye angekuwa nayo. Yeye ndiye aliyesema kwanza, bila kunitazama, akimkuna ndama nyuma ya sikio.

"Miaka ishirini nalisha ng'ombe za watu. Zamani ilikuwa kuragiza kweli. Siku hizi watu wa mjini, ndama wa pili akiwa dume wananiachia, na dume sitapata naye maziwa. Akiwa jike, asubuhi namwona mwenye ng'ombe anakuja na kamba. Watu husema ng'ombe wa maskini hazai. Mimi hata huyo asiyezaa sijawahi kuwa naye."

Nilifungua mkoba nikatoa kamba. Aliiona, na nilimwona akiiona. Uso wake ulitulia kama wa mtu aliyezoea.

"Hii nimekuletea," nikasema. "Ya ndama wako. Ile yake imechakaa."

Ulikuwa uongo, na wote wawili tulijua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaivuta kuipima nguvu, akasema ni nene mno kwa shingo ya mtoto lakini atakua. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepoteza msingi wa nyumba, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Bado nashangaa.

Tulipanga upya, safari hii kwa maneno marefu ili herufi isitupoteze. Maziwa ya asubuhi yangu, ya jioni yake. Mashudu tunachangia nusu kwa nusu, na tunakwenda kununua pamoja. Siku ya kwanza nilipoiona bei pale mashineni nilimgombeza mwenye mashine mpaka mama akanivuta mkono. Ndama wajao tutapokezana. Hela za zamani na maziwa ya zamani tuliyaacha yalivyo, kila mmoja na sadaka yake.

Miezi michache baadaye alikuja bwana mifugo wa kata kuchanja kimeta. Alikwenda ng'ombe kwa ng'ombe na daftari lake, akiuliza kila mmoja ni wa nani, na mama akijibu huku akiwashika pembe: wa dereva, wa muuza vitenge, na huyu pia wa muuza vitenge, wa askari, wa Mwalimu. Wakafika kwa yule mwenye doa.

"Na huyu wa nani?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Alinitazama, nami nikajifanya nahangaika na nzi.

"Wangu," akasema.

Bwana mifugo hakuinua hata kichwa. Aliandika, akachoma sindano, akataja bei ya chanjo.

"Kiasi hicho?" Mama akashika kiuno. "Mbona imepanda? Nyie watu mnatuumiza sana sisi wenye ng'ombe!"

Aligomba naye kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa, ili majirani wote wasikie. Kisha akafungua pindo la kanga, akalipa, akadai risiti yenye jina lake.