Kabla ya Saa Nane Mchana

Kwa miaka kumi na tisa Puseletso Motaung ameuguza vifua vya wanaume waliochimba dhahabu, na kwa miaka yote hiyo kinachomkosesha usingizi si kifua. Madaktari wa hospitali yake ya Mangaung hukata kipande cha pafu kilichoharibiwa na vumbi na kifua kikuu, wakashona kwa ufundi wa kupigiwa mfano, kisha wakapongezana. Kibofu hakina mwenyewe. Mzee aliyechomwa ganzi ya mgongoni hahisi haja. Tezi dume lake, lililokwisha kuvimba kwa umri, hubana njia. Na mkojo ukiziba, hutiwa mpira wa kuutoa. Ndivyo alivyokufa mgonjwa wake mmoja, Ntate Khauta, yaani Baba Khauta kwa Kisotho. Kidonda cha kifua kilikuwa kimefunga vizuri. Mpira uliosukumwa kwa pupa ulimchana, vijidudu vikaingia kwenye damu, na mjane akakabidhiwa maiti yenye kovu safi.

Baada ya msiba ule Puseletso alianza kupigania kidonge. Alitaka dawa ya kulegeza njia ya mkojo, ileile wanayopewa wazee wenye tezi dume, itolewe kwa kila mwanamume aliyevuka hamsini tangu usiku wa kuamkia upasuaji, kabla mkojo haujaziba. Bosi mmoja alimwambia yeye ni muuguzi wa kifua, mambo ya chini ya kitovu ayaachie wenyewe. Kana kwamba binadamu huletwa hospitali vipandevipande! Hakunyamaza, na mwisho aliruhusiwa kujaribu.

Asubuhi ya jaribio hilo zamu ilikuwa ya Ntate Tsokolo Lephatsoe, mchimbaji mstaafu wa miaka sitini na mitatu, aliyepasuliwa kifua jana yake. Vidonge alikuwa amevimeza mbele ya macho ya Puseletso. Saa mbili mpira wa mkojo aliotiwa wakati wa upasuaji ulitolewa, na Daktari Molefi, kijana mwenye mikono myepesi na subira haba, akaandika kwenye faili: asipokojoa hadi saa nane, arudishiwe.

Ilipotimu saa sita chupa ilikuwa kavu.

“Bado, Ntate?”

“Bado, mama.”

“Hata tone?”

Mzee alitazama dari. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Puseletso alimgonga tumbo kwa vidole, taratibu, akasikia mlio mzito wa kitu kilichojaa, karibu kufika kitovuni. Hakuwa na hofu ya kushindwa katika hoja. Hofu yake ilikuwa Ntate Khauta wa pili.

Alifungulia bomba la sinki ili maji yamshawishi. Alimwekea kitambaa cha moto. Alivuta pazia, akasimama nyuma yake, akauliza tena, na tena, hata akajisikia mwenyewe kuwa kero. Saa saba daktari alipita.

“Sista, kidonge chako kimelala.”

“Saa nane haijafika.”

“Naandaa mpira. Na asisimame, tafadhali. Presha yake iko chini, na dawa yako hiyohiyo ndiyo inayoishusha. Akianguka na mrija wa kifuani, nitamjibu nani?”

Hapo alisema kweli, na ukweli huo ulimchoma Puseletso kuliko kejeli.

Daktari alipoondoka, kicheko chembamba kilisikika kitanda cha jirani. Ntate Seabata, aliyekatwa pafu wiki iliyotangulia na sasa akitembea wodini kama mwenye nyumba, alikuwa ameketi amejifunika blanketi lake la sufu.

“Unacheka nini, Ntate?”

“Nakucheka wewe, mama. Umemlaza mwanamume chali, umempa chupa, umesimama nyuma ya pazia unamwuliza kama mtoto: tayari? tayari? Huyu ametoka jandoni kule milimani kabla wewe hujazaliwa!”

“Nyamaza, Seabata,” Ntate Tsokolo alinguruma, macho kayafumba.

“Ninyamaze upasuke? Mama, kuna mambo ya kule siwezi kukwambia, na usiniulize. Ila jua hili: kukiwa na mwanamke hatua mbili kutoka hapa, huyu hatakojoa hata umpe debe la vidonge.”

“Basi daktari amsaidie. Ni mwanamume.”

Ntate Tsokolo alifumbua macho. “Yule? Mapafu anayajua, sikatai. Lakini jandoni hakuingia. Kwetu huyo bado mvulana.”

Puseletso alisimama akiwa na aibu iliyomwasha masikio. Yeye, Msotho mwana wa Msotho, mwenye shahada ukutani, alipigania dawa mwaka mzima asijiulize hata siku moja ni nani atakayekuwa karibu dawa ikifanya kazi. Kidonge kilikuwa kimelegeza njia. Yeye ndiye aliyeifunga.

Ilikuwa saa saba na nusu. Alipima presha: ilikuwa chini, ingawa si ya kutisha. Alimketisha mzee ukingoni, miguu ikining’inia, akangoja dakika tano, akapima tena. Akaubandika mrija wa kifuani vizuri usichomoke, akamtazama Seabata.

“Utamshika kiunoni. Macho yakimlegea, mrudishe kitandani, niite. Usijifanye shujaa.”

“Toka, mama. Nenda mbali.”

Alitoka hadi mwisho wa korido. Kila sauti ya chuma ilikuwa kwake mtu anayeanguka. Alifikiri juu ya pafu lililoshonwa jana, juu ya mrija, juu ya faili lenye sahihi ya daktari na kosa ambalo lingekuwa lake peke yake. Daktari Molefi alitokea na sinia yenye mpira wa mkojo.

“Mbona uko huku? Nani yuko na mgonjwa?”

Kabla hajajibu, kishindo kilisikika. Walikimbia wote wawili.

Ntate Tsokolo alikuwa amelala kitandani kimshazari, midomo imempauka, Seabata akiwa chini yake nusu, akihema. Mrija ulikuwa mahali pake. Daktari alimnyanyua miguu mzee, Puseletso akapima presha. Ilipanda polepole. Mzee akafumbua macho.

“Chupa,” alinong’ona. “Isimwagike.”

Seabata aliinua mkono aliouficha ndani ya blanketi. Chupa ilikuwa imejaa kupita nusu, na mkojo ulikuwa mweupe, bila damu.

Puseletso aligonga tumbo. Lilikuwa laini.

“Nitaandika kwamba kidonge kilimwangusha,” daktari alisema kwa hasira na kwa hofu.

“Andika. Andika pia kwamba mimi ndiye niliyemsimamisha kinyume cha amri yako. Kisha uandike alichokojoa, na saa aliyokojoa.”

Daktari alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na moja kufika saa nane. Aliiweka sinia chini, mpira ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akavuta kalamu.