Korosho za Adui Yangu

Harufu ya korosho za kuchoma hunirudisha jikoni kwa bibi yangu, huko Kipatimu. Bibi alikuwa Mwislamu, lakini ndiye aliyenisikiliza kila jioni nikikariri mafundisho ya ubatizo niliyopewa misheni.

"Tumpende adui," nikasema mbiombio.

"Wako nani, mjukuu wangu?"

Nikamtaja binti wa jirani, aliyenivunjia mtungi kisimani. Bibi akajaza korosho bakulini.

"Haya, mpelekee zingali moto."

Nilikwenda nimenuna. Yule binti aliponiona mlangoni alirudi nyuma, akaufunika uso kwa mikono. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ile ya mtungi nilimpiga hadi akatoka damu.

Nikaliweka bakuli chini.

"Nisamehe," nikamwambia, kabla hajaishusha mikono.